KINGA IKIPIGA SHIMO

Maneno ya kusemwa mbele ya watu wa mashamba

Leo hatusemi habari ya mbegu wala ya mbolea. Tunasema habari ya kinga, ile baisikeli inayotoa mahindi yenu shambani na kuyafikisha sokoni.

Ninyi munaokwenda Lubumbashi na magunia ya makala ao ya mahindi, njia munaijua: mashimo, mawe, mizizi. Gurudumu linapiga shimo, kinga inaruka, mwenyewe anasema: "Si kitu, inakwenda bado." Lakini gurudumu lililoumia halianguki palepale. Linangojea mutelemuko.

Nilimwona mutu mumoja aliyepiga jiwe asubuhi. Vile vyuma vyembamba vya gurudumu la nyuma, ndizo reyo, viwili vilikatika. Hakushuka. Muchana, penye mutelemuko, gurudumu lilijikunja kama kikapu kilichokaliwa, na magunia mawili yakamwangukia mukono. Ulivunjika wakati wa kupanda. Mwaka ule muke wake alilima peke yake.

Sababu ni hii: reyo zote zinavutana, kila moja inasaidia jirani. Moja ikikatika, jirani zake zinachukua kazi yake, nazo zinachoka upesi. Kinga za zamani za Uingereza zilitiwa reyo 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kuna uzito. Basi tazameni nyuma hata kama ni gurudumu la mbele lililopiga kwanza. La nyuma lilipita shimo lile lile na magunia juu yake.

Kinga ikipiga kwa nguvu, tosha muzigo wote. Igeuze, kiti chini, magurudumu juu. Funga kijiti pa chuma kinachoshika gurudumu, ncha yake ikaribie janti bila kuigusa, nafasi kama unene wa ukucha. Zungusha polepole. Janti ikienda mbali na kijiti, kisha ikarudi kukigusa, imepinda. Fanya hivi ubavuni, tena kwa juu, sababu janti inaweza pia kuingia ndani pale ilipopigwa.

Kisha bana reyo mbili mbili kwa vidole, gurudumu zima. Ukizigonga na kijiko zile za upande mumoja, iliyolegea ina mulio wa chini kuliko wenzake. Fundi ataikaza; ya kukatika ataibadili.

Pangusa janti kwa kitambaa, utafute ufa pale reyo zinapoingia na pale janti ilipoungwa. Janti ya chuma iliyopinda kidogo fundi anaweza kuinyosha. Yenye ufa haina dawa. Hapana kupiga nyundo, hapana kusema nitafunga waya.

Watu wanapenda kutazama mupira tu, sababu mupira ukitoboka unapiga kelele. Janti inanyamaza. Lakini mupira nao unasema neno: ukiona mupira wa ndani una matundu mawili karibu karibu, kama nyoka ameuma, ujue janti iliubana juu ya jiwe. Usizibe tu na kwenda. Tazama janti mahali pale pale, na ubavu wa mupira wa inje, kama umevimba ao umekatwa.

Halafu shika gurudumu, ulisukume kushoto na kuume. Likicheza, nati zimelegea, ao chuma cha katikati kimeharibika. Mbele, tazama ile mikono miwili inayoshika gurudumu. Kama imerudi nyuma kuliko zamani, ao rangi yake imepasuka, kinga ile isipandwe hata bila muzigo.

Na kama reyo imekatika njiani, mbali na fundi? Izungushe kwa jirani yake isishike munyororo, gawa muzigo kwa wenzako, kinga uisukume kwa mukono. Utafika usiku, ni kweli, na bei ya usiku si nzuri. Lakini mukono wako utakuwa muzima.

Sasa leteni kinga zenu hapa chini ya muti. Tutaanza na ile iliyokuja ikilia.