Uso wa Adui



Redioni hatuwezi kuonyeshana picha, basi hii nitawaeleza. Ilikuwa jalada la gazeti la Marekani lililoitwa Collier's, toleo la tarehe 12 Desemba 1942, mwaka mmoja baada ya ndege za Japani kushambulia Pearl Harbor. Arthur Szyk aliichora kwa rangi za maji na brashi ndogo, kwa uangalifu kama wa wale waliopamba vitabu vitakatifu zamani. Utaona popo mkubwa mwenye uso wa Mjapani na mavazi ya kijeshi, amechukua bomu. Mkono uliochora ni hodari, hilo halina ubishi.

Szyk alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Łódź, nchini Poland. Alifika Marekani mwaka 1940. Mama yake alibaki nyuma, na baadaye akauawa na Wanazi. Kwa hiyo, ndugu zangu, tusimhukumu upesi. Mtu ambaye nyumba yake inaungua hachagui maneno.

Lakini angalieni jambo hili. Huko Ujerumani gazeti la Der Stürmer lilikuwa limewachora Wayahudi miaka mingi kama wadudu na mashetani, hata watu wakazoea. Aliyezoea kumwona jirani yake kuwa mdudu hashtuki anapochukuliwa usiku. Mwenye gazeti hilo, Julius Streicher, alinyongwa mwaka 1946 baada ya kesi ya Nuremberg. Szyk aliijua silaha hiyo, maana ilikuwa imeelekezwa kwa watu wake. Naye akaishika.

Uso ule wa popo haukuwa wa majenerali peke yao. Jalada lilipotoka, watu zaidi ya 100,000 wa asili ya Kijapani waliokaa Marekani walikuwa wamekwisha kuondolewa makwao na kufungiwa kambini. Wengi wao walikuwa raia, waliozaliwa papo hapo. Mtoto wa miaka saba mle kambini, je, alikuwa na uso gani mwingine?

Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anashangaa kwamba kinywa kimoja kinamhimidi Mungu na pia kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Brashi nayo ni kinywa. Redio pia: Rwanda, mwaka 1994, ni redio iliyowaita watu mende. Na sisi Kenya, mwaka 2007, tulikuwa na neno letu, madoadoa. Ni nani kati yetu aliyelisikia sebuleni mwake akalikemea?

Mwaka 1944 Szyk huyo huyo alichora askari wawili wa Marekani wakizungumza, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Mweupe anauliza mwenzake angemfanya nini Hitler. Mweusi anajibu kwamba angemgeuza awe mtu mweusi, kisha amwachilie mahali fulani Marekani. Safari hii Szyk hakuchora popo.