Imepotea, au Imeibwa?

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Kamati iliniomba niseme juu ya uaminifu. Niliomba nipunguziwe mzigo, maana neno hilo ni pana na chakula kinapoa. Mwalimu Mkuu ametuarifu kwamba muhula ujao mafundi wataingia mabwenini kubadili mabati na kutengeneza madirisha. Basi nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni kitu kinachopotea siku ile fundi alipokuja.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyatumia kana kwamba ni moja. Kitu kimepotea, maana yake hakionekani. Kitu kimeibwa, maana yake yuko mtu aliyekichukua. Kutoka neno la kwanza hadi la pili ni safari ndefu, lakini majumbani mwetu, iwe Kamachumu, Nshamba au hapa mjini Bukoba, safari hiyo huchukua dakika 5. Mama mwenye nyumba hutazama juu ya kabati, hutazama chini ya mto, kisha huuliza: "Leo nani aliingia humu?" Hapo kesi imekwisha. Mtoto ni wa nyumbani, jirani ni jirani, shemeji haulizwi. Anabaki yule aliyekuja na mkoba.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hairuhusu mwendo huo. Ili pawe na wizi, lazima mtu awe amekichukua kitu kisicho chake, tena kwa nia mbaya. Kutoonekana kwa kitu peke yake hakuthibitishi hata nusu ya hayo.

Wakati nikiwa kidato cha 3, kabla ya vita vya 1978, mkoa huu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, seremala mmoja kutoka upande wa Muleba aliletwa kutengeneza madirisha ya bweni letu. Alifanya kazi siku 4. Siku ya tatu mwenzetu mmoja alikosa saa yake ya mkono, saa ambayo baba yake aliinunua baada ya kuuza kahawa. Mnajua saa ilikuwa kitu gani miaka ile. Ushahidi juu ya fundi ulikuwa mmoja: asubuhi ile alikuwa ameuliza ni saa ngapi. Kwa akili zetu za kidato cha 3 hilo lilitosha, ingawa mimi hadi leo nafikiri mtu mwenye kuiba saa ndiye asiyekuwa na haja ya kuuliza.

Fundi aliitwa mstarini. Sanduku lake lilimwagwa chini mbele ya shule nzima: randa, patasi, nyundo, misumari iliyofungwa katika karatasi, na kifurushi cha senene alichopewa na wapishi awapelekee watoto wake. Kifurushi nacho kilifunguliwa. Saa haikuonekana. Mngetegemea aombwe radhi. Badala yake watu walisema ameificha mahali. Aliambiwa aondoke, na ujira wake ukazuiwa.

Saa ilipatikana likizo. Mama wa yule mwenzetu alipokuwa akifua koti la shule aliigusa ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa na tundu, saa ikateleza. Tuliporudi shuleni, mwenye saa aliomba ruhusa tukapanda basi la Muleba, mimi nikimsindikiza, tukamkuta fundi akiranda mlango. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Kisha akauliza: "Wale waliokuwa wamesimama pale, wao umewaambia?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Mwenzangu alirudi akaomba aseme mstarini. Aliambiwa jambo limekwisha, asilifufue. Alisema hata hivyo, jioni, katika bwalo hili, amesimama juu ya benchi, na wengine walicheka. Madirisha yaliyobaki yalimaliziwa na mtu mwingine. Seremala hana duka la kioo wala tangazo. Huitwa kazini kwa sababu mtu fulani kamtaja kwa mtu fulani, na kwa njia hiyo hiyo huacha kuitwa. Kijana mwenye saa alipata saa yake. Fundi hakuna bitana ambamo jina lake lingekutwa.

Kwa nini awe fundi daima? Vijana wa sasa husema ni kwa sababu mafundi ni wezi. Sikatai kwamba wamo wezi, kama walivyomo miongoni mwa makarani na wakubwa. Lakini tazameni maisha yetu. Kibanja kina wenyewe, na wenyewe wanajuana mpaka makaburi ya babu zao. Toka enzi za Waingereza walikuja watu wa Burundi na Rwanda kufanya kibarua katika migomba na kahawa yetu, wakalima, wakala nasi, na bado kitu kilipokosekana walitazamwa wao kwanza. Mgeni hana wa kusimama na kusema, "Huyu namjua." Kosa lake kubwa ni hilo.

Wala mambo haya hayaishii kwenye saa. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti 2 wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na kuchomwa moto. Walikuja kuchukua udongo wa kupima, wakadhaniwa wamekuja kunyonya watu damu. Nao walikuwa wageni waliokuja kazini na vifaa vyao. Magazeti yetu huwaita wauaji wa namna hiyo "wananchi wenye hasira kali", jina la heshima mno kwa maoni yangu.

Wengine, badala ya kelele, hupeleka habari kwa mpiga ramli, naye hutaja mtu ambaye mteja alikwisha kumtaja moyoni. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa hiyo asinishauri mtu huko.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), ndani ya Hati ya Haki iliyoingizwa mwaka 1984, inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Ikiwa hata aliyekwisha kufikishwa mahakamani amelindwa hivyo, yule ambaye hata hajashtakiwa amwagiwe sanduku kwa sheria gani? Tena mjue kwamba fundi aliyeshtakiwa kwa chuki, bila sababu ya maana, kesi ikaisha kwa yeye kushinda naye akawa amepata hasara, anaweza kumdai fidia aliyemshtaki. Mahakama zetu zilikwisha kulieleza jambo hilo katika hukumu zao.

Sasa ninyi wa mabwenini. Kabla mafundi hawajaingia, kila mmoja aandike vitu vyake vya thamani, simu na fedha zikabidhiwe kwa mwalimu wa bweni, na tranka zifungwe kufuli. Hiyo si dharau kwa fundi, ni kumkinga. Kitu kisipoonekana, mtafute usiku kucha ikibidi, pamoja na bitana za makoti. Kikikosekana kabisa, mwambieni mwalimu ni kitu gani na kilionekana lini mara ya mwisho, na jina la mtu lisitajwe ila na aliyemwona kwa macho akichukua. Kama kuna haja ya upekuzi, hiyo ni kazi ya polisi, wala isifanyike mstarini.

Nako kwako, Ndugu Mwalimu Mkuu, nina ombi moja: fundi alipwe siku anayomaliza kazi, awe ametajwa au hajatajwa.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Niko tayari kwa maswali, hasa ya wale wa nyuma.