Ukame Usifanywe Kisingizio cha Damu



Kila mvua zinapochelewa, habari za namna moja hurudi magazetini. Mifugo imeingia mashambani, mkulima amepigwa, ng'ombe wamekatwa mapanga, vijiji viwili vilivyokuwa vikiuziana maziwa na mahindi sasa vinaviziana usiku. Na maelezo nayo huwa ni yale yale: tabia ya nchi imebadilika, maji yamepungua, malisho yamekauka, basi watu wamepigana.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli, katika jambo linalohusu uhai wa watu, ni hatari kuliko uwongo mtupu. Humwondolea lawama yule anayestahili kulaumiwa, na huliweka tatizo mbinguni, mahali ambapo hakuna baraza la kijiji linaloweza kulifikia.

Hapana budi kwanza kukubali lililo kweli. Dunia imepata joto zaidi ya digrii moja ya Selsiasi tangu karne ya 19. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na katika Somalia, na mifugo ilikufa kwa mamilioni. Tanzania nayo haikusalimika, kwani wafugaji wa Simanjiro na Longido walizika mali yao. Aidha, mwaka 2013 wataalamu watatu wa Marekani, Solomon Hsiang, Marshall Burke na Edward Miguel, walichapisha katika jarida la Science majumuisho ya chunguzi 60 kutoka pande mbalimbali za dunia. Waliona kwamba joto likizidi kawaida yake, au mvua zikikithiri, mapigano baina ya makundi ya watu nayo huongezeka.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba hali ya hewa haihusiki. Lakini hesabu za namna hiyo huonyesha tu kwamba mapigano yanaongezeka. Hazionyeshi ni kwa njia gani kisima kilichokauka hugeuka kuwa mkuki. Ili kulijua hilo, lazima mtu aende kijijini, akae na pande zote mbili, asome majalada ya mahakama, apime mito, aulize ni nani alikuwa akilisha wapi kabla ya ugomvi kuanza. Kazi hiyo imefanywa, na sehemu yake imefanywa hapa hapa Tanzania.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, waliuawa wakulima 38 katika shambulio la wafugaji. Ni siku ambayo Wilaya ya Kilosa haitaisahau. Baadaye watafiti Tor Benjaminsen wa Norway, Faustin Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jumanne Abdallah wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walikwenda kuchunguza chanzo chake, na matokeo yao yalichapishwa 2009.

Je, walikuta nini? Walikuta kwamba ugomvi ule ulikuwa na mizizi mirefu kuliko kiangazi cha mwaka mmoja. Kwa miaka mingi nchi ya malisho katika bonde la Mkata ilikuwa ikimegwa kidogo kidogo. Mashamba ya mkonge yalichukua sehemu yake. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ikachukua yake. Ranchi nazo zikachukua zao. Maeneo oevu, ambayo ndiyo akiba ya mfugaji wakati wa kiangazi, yakageuzwa kuwa mashamba. Mkulima aliyelima pale hakuwa mwizi, kwani naye alikuwa akitafuta chakula cha watoto wake. Lakini mfugaji alipofika Septemba na ng'ombe wake wenye njaa alikuta mahindi mahali palipokuwa na nyasi.

Hata hivyo, kubanwa kwa ardhi peke yake hakukutosha kumwaga damu. Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilikuwa baya zaidi: watu walikuwa wamekwisha kukata tamaa na wale waliopaswa kuwaamua. Wakulima waliamini kwamba haki inanunuliwa kwa fedha za ng'ombe. Wafugaji nao waliona kwamba kila penye mgogoro wao ndio wa kukamuliwa. Rushwa ilikuwa imekula imani ya pande zote mbili. Na mwananchi asiyeamini kwamba shauri lake litasikilizwa kwa haki hulichukua mwenyewe mkononi.

Mfano wa pili ni wa bonde la Usangu mkoani Mbeya. Tangu 1993, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mahali ambapo zamani ulitiririka mwaka mzima. Maji ya mto huo ndiyo yanayokwenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Basi umeme ulipokatika mijini, lawama nyingi ziliwaangukia ng'ombe wa Ihefu.

Uchunguzi uliofanywa Usangu kati ya 1998 na 2001 ulitoa picha nyingine. Ulionyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ilikuwa maji ya kiangazi yanayochepushwa kwenye mifereji ya mashamba, makubwa kwa madogo, na kwamba mabanio mengi yaliachwa wazi hata wakati ambapo mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Pamoja na hayo, ulipofika mwaka 2006, mwaka wa ukame mkali na mgao wa umeme, wafugaji walianza kuondolewa Usangu, na zoezi hilo likaendelea hadi 2007. Maelfu ya ng'ombe walisafirishwa kuelekea Lindi na Pwani.

Matokeo yake ni fundisho kubwa. Mto haukurudia mtiririko wake wa zamani, bali uliendelea kukauka katika viangazi vilivyofuata. Na kule kusini, mahali ambapo watu wengi walikuwa hawajazoea mifugo, ugomvi wa wakulima na wafugaji ukaanza upya. Ugonjwa haukutibiwa, ila ulihamishwa kitanda.

Pengine mtu atasema kwamba mambo hayo ni ya Tanzania peke yake, na kwamba kwenye jangwa lenyewe ukame ndio mtawala. Basi na atazame Marsabit, kaskazini mwa Kenya, nchi kavu kuliko Kilosa na Usangu. Watafiti Wario Adano na Karen Witsenburg walilinganisha kumbukumbu za mvua na kumbukumbu za uvamizi wa mifugo wilayani humo. Walikuta kwamba waliuawa watu wengi zaidi katika miaka ya mvua kuliko katika miaka ya ukame. Mfugaji anaelewa sababu yake mara moja. Wakati wa mvua nyasi ni ndefu na humficha mvamizi, na ng'ombe wana nguvu ya kuswagwa mwendo mrefu. Wakati wa ukame watu hushughulika kuokoa roho. Wazee hukaa chini, hupatana, hupangiana zamu za visima. Dhiki imewafundisha kwamba anayemfukuza jirani kisimani leo atafukuzwa yeye kesho.

Magharibi ya Afrika nako, katika jimbo la Mopti nchini Mali, watafiti walichunguza mashauri ya ardhi yaliyofika Mahakama ya Rufani, wakayalinganisha na takwimu za mvua. Matokeo, yaliyochapishwa 2012, yalitaja vyanzo vitatu vikuu: mashamba kuziba njia na malisho ya mifugo, watu kujinyakulia ardhi pale ambapo mamlaka yamelegea, na rushwa ya watumishi wa serikali. Anayesikiliza orodha hiyo anaweza kudhani kwamba imeandikwa Kilosa.

Anayetaka kujua paa linavuja wapi na angoje mvua. Katika suala hili, ukame ndiyo mvua hiyo. Hautoboi paa, bali huonyesha matundu yaliyokuwapo siku zote: mpaka wa kijiji usiojulikana, njia ya mifugo iliyolimwa, banio lisilofungwa, baraza lisiloaminika. Pale ambapo matundu yamezibwa, ukame huleta njaa na hasara, lakini hauleti mauaji.

Hili si jambo la wasomi kubishania vyuoni, kwa sababu kila maelezo yana dawa yake. Anayeamini kwamba watu wanauana kwa sababu ya jua hatakuwa na la kufanya ila kungoja mvua, au kupakia ng'ombe kwenye malori. Anayejua kwamba watu wanauana kwa sababu ardhi imebanwa na haki imeuzwa atakuwa na kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Kazi hiyo inajulikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaukabidhi Mkutano Mkuu wa Kijiji na Halmashauri ya Kijiji wajibu mkubwa juu ya ardhi yao, na inaviruhusu vijiji jirani kukubaliana juu ya ardhi wanayoitumia pamoja. Wilayani Kiteto, wilaya ambayo nayo imepata kumwaga damu kwa ugomvi wa ardhi, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa pamoja, vikatenga eneo moja la malisho lisilokatwa na mipaka yao, vikaliita Olengapa, jina lililounganishwa kutokana na majina ya vijiji vyenyewe. Kazi hiyo ilihitaji mikutano mingi na uvumilivu mwingi. Haikuhitaji mvua.

Ndugu wananchi, ni kweli kwamba joto linazidi, na miaka ijayo itakuwa migumu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kufanya haraka, wala si sababu ya kukata tamaa. Chombo chenye tanga bovu chaweza kuelea bahari ikiwa shwari; upepo ukichafuka, kitazama. Kiongozi wa kijiji anayepokea fedha ili afumbe macho mifugo inapopitishwa shambani, na yule anayegawa mbuga ya malisho kwa siri kwa mtu mwenye uwezo, wote wawili wanapanda mbegu ya mauaji yatakayoonekana mwaka ambao mvua zitakosekana. Siku hiyo itakapofika, wasiruhusiwe kunyoosha kidole juu na kulilaumu wingu.

Mipaka na ipimwe wakati watu bado wanasalimiana. Njia za mifugo na zitengwe kabla hazijalimwa. Mabanio na yafungwe mpunga ukiisha kuvunwa. Na shauri la mkulima na la mfugaji yaamuliwe kwa mizani moja, hadharani, mbele ya wote. Mvua haimo mikononi mwa binadamu, lakini haki imo.