Timu isiishi kwa mfuko mmoja

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Wiki hii nazungumza nanyi kutoka Runzewe juu ya mpira wa miguu. Najua wako watakaosema mpira ni mchezo tu, na kwamba sisi wa Bukombe tuna mambo mazito zaidi: maji, barabara za vijijini, bei ya mpunga. Ni kweli. Lakini Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021 haikuwa timu ya tajiri mmoja. Ilikuwa mali ya Halmashauri ya Mji wa Geita, na mdhamini wake mkubwa alikuwa mgodi wa GGML. Fedha iliyoiendesha ilitoka katika dhahabu ya ardhi hii. Kwa hiyo habari zake ni habari zetu, na tuna haki ya kuuliza.

Hebu tukumbushane ilivyokuwa. Msimu wa 2021/22, wa kwanza kwake katika Ligi Kuu, Geita Gold ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa ligi nzima, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Timu ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Huko ilitolewa mapema na Hilal Al-Sahil ya Sudan, lakini jina la Geita lilikuwa limekwisha vuka mpaka. Hapa Runzewe, penye malori ya Rwanda na Burundi na wachimbaji wa kila kabila, nilisikia watu wasiojuana wakisalimiana kwa matokeo ya timu.

Miaka miwili baadaye, mwisho wa msimu wa 2023/24, timu hiyo hiyo ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Ilikuwa imecheza misimu mitatu tu.

Wasikilizaji wapenzi, kama hili lingetokea mara moja, tungesema ni bahati mbaya. Lakini tazameni ukanda wetu. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda mwaka 2015 ikashuka mwaka 2021. Stand United ya Shinyanga, iliyoanzishwa na vijana wa stendi ya mabasi, ilipanda mwaka 2014. Ikapata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia, na hapo hapo wanachama wakagawanyika, hawa wakitaka klabu na wale wakitaka kampuni. Mwaka 2016 mdhamini akajiondoa, na mwaka 2019 timu ikashuka. Gwambina ya Misungwi, iliyokuwa chini ya mwenye mali mmoja, ilipanda mwaka 2020 na kushuka mwaka uliofuata.

Je, vijana wetu hawajui mpira? Hapana. Sababu naiona katika namna timu hizi zinavyoendeshwa. Ligi Kuu ina timu 16, na kila timu hucheza michezo 30. Leo uko Ruangwa, wiki ijayo Mbeya. Kuna mafuta ya basi, hoteli, dawa na mishahara ya miezi kumi. Haki za matangazo zilizonunuliwa na Azam mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, zimesaidia, lakini hazitoshi kuibeba timu peke yake. Mapato ya mlangoni huwa ya maana siku mbili tu kwa msimu, siku ya Simba na siku ya Yanga. Na siku hizo, tuseme ukweli, wengi wetu tuliopanda gari kutoka Runzewe tulikwenda uwanjani tukiwa tumevaa jezi za wageni. Siku ya kucheza na timu ya kawaida tulibaki kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira tukitazama Ulaya.

Basi timu inabaki na mfuko mmoja. Mdhamini akichelewa, mchezaji naye huchelewa mazoezini. Mchezaji bora akitakiwa kwingine, huondoka, kama Mpole alivyokwenda Lupopo ya Lubumbashi kabla mwaka 2022 haujaisha. Simlaumu, kwani mpira ndiyo kazi yake. Ninachouliza ni nani aliyekuwa ameandaliwa hapa nyumbani kuchukua nafasi yake.

Wachimbaji wadogo mnaonisikiliza mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mtu huchimba duara, akakuta mwamba wenye dhahabu, akashangilia. Kama hakuweka matimba, siku moja duara hufukia kila kitu. Timu zetu zimepata mwamba zaidi ya mara moja. Matimba ndiyo yanayokosekana.

Iko pia hatari nyingine, nayo ni ya heshima. Februari 2016, katika kuwania kupanda Ligi Kuu, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa bila, huku wapinzani wake Polisi Tabora wakiifunga JKT Oljoro 7 kwa bila. Nchi nzima ilishangaa. Kamati ya nidhamu ya TFF ikazishusha madaraja timu zote nne, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Mbao hao, waliopandishwa kwa njia hiyo, mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF wakafungwa na Simba 2 kwa 1. Geita ilingoja hadi mwaka 2021. Miaka mitano ilipotea. Hakuna mdhamini anayeweza kuinunua tena.

Sasa tufanye nini? Kwanza, timu ya umma itangaze hesabu zake kila mwisho wa msimu, kimepatikana kiasi gani na kimetumikaje, kama serikali ya kijiji inavyotakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya wananchi. Pili, mkataba wa mdhamini uwe wa miaka kadhaa, na anayetaka kuondoka atoe taarifa ya msimu mzima. Tatu, wapenzi tuache kupenda kwa mdomo. Shilingi elfu moja kwa mwezi kutoka kwa kila mwenye duka, bodaboda na mkulima anayeitaka timu hii itajenga mfuko wa pili.

Nne, na hili kwangu ndilo kubwa, tuanzie chini. Kila mwaka mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA hutuonyesha watoto wenye vipaji kutoka Uyovu, Ushirombo, Masumbwe na Katoro. Mashindano yakiisha, mtoto hurudi nyumbani, na baada ya muda unamkuta kwenye karasha akisaga mawe. Viwanja vya shule vilindwe visigeuzwe kuwa vya kujengea. Samaki mkunje angali mbichi.

Kushuka daraja siyo kifo. Mtibwa, waliokuwa mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, walishuka msimu mmoja na Geita, na mwaka 2025 wakarejea Ligi Kuu. Lakini kupanda bila kubadili mwenendo ni kujiandaa kushuka tena. Dhahabu, ndugu zangu, itakwisha siku moja, maana haioti kama muhogo. Watoto wanaojua kucheza wataendelea kuzaliwa hapa, na hao ndio wa kuwekea akiba.