Ukeketaji si hoja ya kura ya kamati ya shule

Msikilizaji wa Nyansurura, na wa Tarime na Serengeti nzima, kamati ya shule inapogawanyika kuhusu ukeketaji, anayeumia ni msichana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inampa mwenye malezi ya aliye chini ya miaka 18 anayesababisha akeketwe kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Wajumbe hawana cha kupigia kura hapo. Wanalo la kutekeleza, hasa kabla ya likizo ya Desemba, msimu wenyewe wa kukeketa.

Wapo wanaosema shule isiingilie mila za Wakurya. Nawaelewa: jando na unyago humpa mtu hadhi katika ukoo. Lakini mila hubadilika, na hii inabadilika tayari. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wetu wa Mara wamekeketwa. Ule wa 2022, asilimia 28. Na njia nyingine ipo: kambi ya Masanga, huko Tarime, huwafunda wasichana bila kuwakata. Wazee wa mila waalikwe shuleni wafundishe heshima na historia ya koo. Kisha Januari shule ikifunguliwa, kamati nzima iulize alipo kila binti asiyerudi darasani.