Askari, Mpaka na Mstari wa Katikati ya Barabara

Tarehe 22 Oktoba 2025, katika barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu nchini Uganda, mabasi mawili yaliyokuwa yakielekeana yaligongana uso kwa uso. Kwa maelezo ya polisi wa nchi hiyo, kila dereva alikuwa ametoka katika upande wake ili kulipita gari lililokuwa mbele yake. Idadi ya waliokufa ilitangazwa kwanza kuwa 63, kisha ikasahihishwa kuwa 46. Karibu miaka minane kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana uso kwa uso katika eneo la Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, na watu 36 wakapoteza maisha.

Ajali hizo mbili zilitokea ndani ya nchi ambazo magari hupita kushoto, mbali na mipaka ambako upande hubadilika. Zinatosha kuonyesha kwamba nusu ya pili ya barabara si mali ya dereva, hata pale inapoonekana kuwa tupu. Hatari hiyo huzidi dereva anapovuka mpaka na kuingia katika nchi ambayo upande wake wa kushoto umegeuka kuwa upande wa magari yanayomjia. Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee askari wa jeshi na polisi, kwa kuwa katika miaka hii wengi wao wametumwa kulinda amani nje ya nchi zao.

Sheria ya mstari wa katikati haina utata. Mkataba wa Alama na Ishara za Barabarani, uliotiwa sahihi mjini Vienna tarehe 8 Novemba 1968, unaeleza kwamba mstari usiokatika haupaswi kuvukwa wala kukanyagwa na gurudumu. Mstari wa vipande hauna katazo hilo. Mistari miwili ikienda sambamba, mmoja usiokatika na mwingine wa vipande, dereva hufuata ule ulio karibu naye. Ndiyo maana katika mlima, gari linalopanda nyuma ya lori zito huweza kuruhusiwa kulipita, ilhali linaloteremka limekatazwa. Ikiwa mistari yote miwili haikatiki, katazo ni la pande zote mbili.

Mhandisi hachori mstari huo kwa kubahatisha. Magari mawili yaendayo kilometa 80 kwa saa, yakielekeana, hukaribiana kwa zaidi ya mita 44 katika kila sekunde. Dereva anayehitaji sekunde 10 kulipita lori refu hana budi kuona barabara iliyo wazi kwa zaidi ya mita 440. Mahali ambapo kona au kilele cha mlima hakimpi nafasi hiyo, mstari usiokatika humwambia jambo ambalo macho yake hayawezi kumwambia.

Rangi ya mstari, hata hivyo, isimdanganye mtu. Mkataba wa Vienna unakubali nyeupe na manjano. Nchini Kenya madereva wanaujua mstari wa manjano usiokatika kuwa ni katazo la kulipita gari la mbele. Huko Marekani, tangu kanuni za mwaka 1971, manjano ndiyo rangi ya kutenganisha magari yanayoelekeana, na mistari miwili ya manjano isiyokatika ni katazo kwa wote. Lakini nchini Afrika ya Kusini mstari wa manjano huchorwa pembeni, kuonyesha mwisho wa njia ya magari. Askari aliyefundishwa rangi peke yake atapotea. Aliyefundishwa umbo la mstari na mahali ulipo atausoma popote.

Tofauti iliyo kubwa kuliko rangi ni ile ya upande. Jumuiya ya Afrika Mashariki, baada ya Somalia kuingia kikamilifu mwaka 2024, ina nchi nane. Tatu kati ya hizo, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, hupita kushoto. Tano, yaani Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia, hupita kulia. Mgawanyiko huu ni urithi wa ukoloni. Waingereza waliacha desturi ya kushoto. Wabelgiji waliacha ile ya kulia. Msumbiji ilibaki kushoto kwa sababu ya majirani zake, ingawa Ureno yenyewe ilihamia kulia mwaka 1928. Zipo nchi za Afrika zilizobadili upande baadaye kwa hiari yao, kama vile Ethiopia mwaka 1964, Nigeria mwaka 1972 na Ghana mwaka 1974. Katika Afrika Mashariki mageuzi ya namna hiyo yangedai kujengwa upya kwa makutano ya barabara, kuhamishwa kwa alama na kubadilishwa kwa magari mengi. Kwa hiyo mpaka wa Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda, ule wa Mpondwe kati ya Uganda na Kongo, na ule wa Kasumbalesa kati ya Zambia na Kongo, bado ni mahali pa kubadili mkono.

Shida kubwa imo ndani ya gari lenyewe. Lori la Tanzania lina usukani upande wa kulia. Likivuka Daraja la Rusumo na kuanza kupanda milima ya Rwanda, dereva wake hukaa karibu na ukingo wa barabara, na mstari wa katikati huwa upande wa utingo. Akiwa nyuma ya lori jingine haoni kitu. Ili apate kuona, hana budi kutoa karibu nusu ya gari lake nje ya mstari, na wakati huo lililo mbele laweza kuwa limekwisha kumfikia. Katika barabara za namna hiyo, mstari usiokatika ndio macho ya dereva. Anayeudharau anaendesha kama kipofu.

Majeshi ya kanda hii yamekwisha kukutana na hali hiyo. Askari wa Uganda waliingia Somalia mwaka 2007, kutoka nchi ya kushoto kwenda nchi ya kulia. Askari wa Kenya na Uganda walikuwamo katika kikosi cha Jumuiya kilichopelekwa mashariki ya Kongo kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Baada ya hapo walikwenda huko askari wa Tanzania, Malawi na Afrika ya Kusini chini ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na nchi hizo zote tatu hupita kushoto. Askari wa Rwanda, kwa upande wao, waliingia Msumbiji Julai 2021, kutoka kulia kwenda kushoto. Kila kikosi kilikuwa na silaha zake na makamanda wake. Lakini kila dereva alikwenda na mazoea ya mikono yake. Wahenga wamesema mazoea yana taabu.

Mazoea hayo hayajitokezi dereva anapokuwa macho katika msongamano wa magari. Hujitokeza alfajiri, barabara ikiwa tupu. Anapotoka kambini au kwenye kituo cha mafuta. Anapokata kona katika njia panda. Na pale hatari ya ghafla inapomfanya akwepe bila kufikiri. Hata lugha humsaliti. Mzunguko wa barabarani Watanzania wengi huuita kipilefti, na jina lenyewe limebeba amri ya kupita kushoto. Mjini Kigali au Bujumbura magari huuzunguka kwa kupita kulia, na aliyetii jina atakutana uso kwa uso na wenye haki ya njia.

Wako wanaodhani kwamba bendera, king'ora na magwanda huondoa sheria. Mkataba wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1977 na Kenya ikajiunga nao mwaka 2009, hausemi hivyo. Gari la dharura linalotoa onyo lake maalumu laweza kuacha kanuni za kawaida, lakini kwa sharti kwamba halihatarishi watumiaji wengine wa barabara. Aidha, hata gari hilo halina ruhusa ya kukaidi amri ya ofisa anayeongoza magari. Mkono wa askari wa usalama barabarani uko juu ya taa, alama na mistari. Nao uko juu ya king'ora. Mkataba huo huo unawakataza raia kuukata msafara wa askari walio katika safu, sawa na unavyowakataza kuukata mstari wa watoto wa shule wanaoongozwa na mkubwa wao. Heshima hiyo waliyopewa askari inadai heshima nyingine kutoka kwao.

Yampasa kamanda wa msafara, kabla ya mpaka kufikiwa, asimamishe magari na kuwakumbusha madereva upande, umbo la mistari na mwendo wa mizunguko. Pale usukani ulipo upande wa ukingo, aliyeketi karibu na dereva apewe kazi ya kuangalia mbele na kusema anachokiona, huku dereva akijua kwamba dhamana ni yake. Mahali palipokatazwa kupita, msafara usubiri nyuma ya lori hata kama mwendo ni wa taratibu.

Raia anayeuona msafara wa jeshi la nchi jirani ukibaki ndani ya mstari hupata sababu ya kuliamini jeshi hilo. Anayeuona ukija mbele yake upande usio wake hana muda wa kuuliza umetoka nchi gani.