Wazee na Vijana Hotelini

Masika yaja, wageni watapungua hapa Malindi, na tayari twasikia fitina. Vijana wasema wazee wameziba nafasi. Wazee wasema vijana wana vyeti tu. Mzee wa mezani alijifunza Kitaliano kwa masikio, huku amebeba sahani. Kijana wa afisi humjibu mgeni aliye Milano kwa simu. Hoteli gani itaendeshwa na mmoja wao?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka tajiri anayepunguza watu atazame muda wa kazi, ujuzi, uwezo na kutegemeka, na akipeleke chama habari mwezi mmoja mbele. Basi mzee au kijana atakayeitwa afisini peke yake, asitie sahihi kabla hajatuita.